Kuni zisiguse udongo: paleti, matofali au kichanja?

Mchanja Kuni
Wakuu, habari za leo. Nina kuni za kutumia miezi minne, nimezipasua mwenyewe na sitaki zinipotee tena. Mara ya mwisho nilizipanga juu ya udongo, nikazifunika turubai mpaka chini na kulibana kwa mawe pande zote. Siku ya kufunua, matone yalikuwa yametanda upande wa ndani wa turubai kama mfuniko wa sufuria. Kuni za juu zilikuwa na ukungu mweupe. Safu ya chini, nikiinua ukuni nusu inabaki mkononi, nusu ilishaliwa na mchwa. Sasa nachagua: paleti (zile fremu za mbao za kubebea mizigo), matofali yenye miti juu yake, au kichanja cha nguzo za kuchimbia. Waliojaribu naomba msaada.

Jiko la Mawe
Pole sana mkuu. Kabla ya kuchagua cha chini, acha kufunika namna hiyo. Ukuni mbichi unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Ukifunga mpaka chini yanagota kwenye turubai na kuzirudia kuni. Funika juu tu, ubavuni acha wazi upepo upite. Mvua ya upepo ikizilowesha ubavuni ni ganda la nje tu, jua likitoka zinakauka.

Paleti Tatu
Mimi natumia paleti. Unaweka, unapanga, umemaliza, na hewa inapita chini. Ubaya wake ni mbao nyembamba. Zikilala kwenye udongo zinaoza, na mchwa huanza na paleti ndipo ahamie kwenye kuni. Nimeshabadilisha mara mbili. Angalia na muhuri wake: HT ni mbao zilizotibiwa kwa joto, MB zimefukizwa kwa methili bromidi, ambayo ni sumu. Hizo za MB zikichakaa usizitie jikoni.

Fundi Tofali
Matofali, ndugu yangu. Panga mistari miwili ya matofali ya saruji, juu yake laza miti miwili minene iliyonyooka, kuni zikingame juu ya miti. Ziinuke sentimita 15 hadi 20. Tofali hunyonya maji ya ardhini, kwa hiyo mimi huweka kipande cha bati kati ya tofali na mti.

Sababu yangu kubwa lakini ni mchwa. Hapendi mwanga wala hewa kavu, hivyo akitaka kupanda tofali inambidi ajenge kijia cha udongo kwa nje. Utakiona, kama uzi wa tope wenye unene wa penseli. Kila wiki napita na kijiti, nainama, nakwangua. Kwenye paleti iliyolala chini anapandia humo humo kwa chini, huna habari.

Mama Moshi
Nilikuwa na kichanja cha kufika magotini. Nilikipenda kwa sababu nilifagia chini yake, nyoka na nge hawakupata pa kujificha. Ila nguzo huoza pale pale zinapoingia ardhini, na kuni mbichi ni nzito jamani. Usiku mmoja kikalala chote upande. Kama unao watoto wanaocheza karibu, nguzo uzikague kila baada ya mvua kubwa.

Jiko la Mawe
Naongezea: usiziegemeze kwenye ukuta wa nyumba. Mchwa akimaliza kuni ataendelea na milango. Na kujua kama zimekauka, gonganisha mbili: kavu zinalia kwa sauti kali, mbichi zinatoa mlio mzito wa kufifia. Tazama na ncha, zikikauka zinapasuka nyufa kuanzia kiini kwenda nje. Mwenye kipima unyevu aupasue ukuni na kupima katikati, isizidi asilimia 20.

Mchanja Kuni
Asanteni sana. Nakwenda na matofali, na juu nitaweka bati lenye mteremko, liwe refu kuliko kuni pande zote. Swali la mwisho: gome liangalie juu au chini?

Fundi Tofali
Safu ya juu kabisa geuza gome juu, linamwaga maji. Za chini yake panga zinavyokaa vizuri. Na anza kuchoma zile za zamani. Ukipanga mpya mbele yake hutazifikia mpaka zioze.

Mchanja Kuni
Basi nitaacha nafasi ya kuchukulia kila upande. Matofali ninayo, kesho asubuhi naanza.