Fukwe zipi za Dar es Salaam zinafaa kwa mama mzee na watoto wasiojua kuogelea?

Binti wa Dodoma (swali)

Habari zenu wanajukwaa. Shule zikifungwa mwezi wa Desemba, ninatarajia kuja Dar es Salaam pamoja na mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua na hawezi kutembea mwendo mrefu, na wanangu wawili wenye umri wa miaka 6 na 11. Watoto hawajawahi kuiona bahari na hawajui kuogelea. Tutafikia kwa ndugu zetu wa Kimara na hatutakuwa na gari letu, ingawa kwa siku moja ninaweza kukodi teksi.

Tumepanga kwenda baharini siku tatu tu, na kila ninayemuuliza ananitajia mahali tofauti: Coco Beach, Kigamboni, Kunduchi, kisiwa cha Mbudya, kisiwa cha Bongoyo, hata Bagamoyo. Wanaosifu ufukwe mmoja hukutana na wengine wanaotuonya tusiende huko. Ninaomba mnieleze, kwa familia ya namna hii, ni wapi pa kwenda, ni wapi pa kuacha, na kwa sababu gani.

Mkaazi wa Msasani

Karibu sana, dada. Coco Beach, pale Oysterbay, ina sifa mbili ambazo watu huzichanganya. Kama mahali pa kukaa jioni, kula mihogo ya kukaanga na mishikaki, kupunga upepo na kuwatazama watu, ni pazuri, hapalipiwi kiingilio, na mama yako atapata pa kukaa bila kutembea sana. Kama mahali pa kuwaingiza majini watoto wasiojua kuogelea, mimi sipashauri, kwa kuwa sehemu kubwa ya ufukwe ule ina mwamba wa matumbawe chini ya maji, ufukwe wenyewe uko wazi mbele ya bahari kuu, na mawimbi pamoja na mikondo yake imekwisha kuchukua maisha ya watu. Nendeni jioni ya siku ya kazi. Siku ya Krismasi, siku inayofuata na mwaka mpya msiende kabisa, kwa sababu umati unakuwa mkubwa kiasi kwamba mtoto akiachia mkono wako kumpata tena ni kazi ngumu.

Nyongeza moja: msiogee karibu na midomo ya mito inayopita mjini, hasa baada ya mvua. Mto Msimbazi unamwaga maji yake baharini karibu na daraja la Salenda, ukiwa umebeba uchafu wa mitaa mingi, na mvua za vuli zinaweza kuendelea hadi Desemba.

Mwanapwani wa Kunduchi

Dada yetu, ninaomba nikupeleke upande mwingine kidogo. Umeuliza ni ufukwe gani, lakini sisi tuliozaliwa pwani kabla ya kuuliza wapi huuliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, kwa sababu ufukwe uleule unaweza kuwa mzuri saa nane mchana na usiofaa kabisa saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo. Wageni wengi wanaorudi bara wakisema kwamba bahari ya Kunduchi ni tope na majani walifika maji yakiwa yamekupwa.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa katika mwambao wetu huzidi mita 3. Kwa hapa Dar es Salaam, siku za bamvua maji hukupwa asubuhi, karibu saa nne au saa tano, na kujaa alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Wiki moja baadaye mambo hugeuka, maji yakawa yanajaa karibu saa nne asubuhi, lakini hayapandi wala kushuka sana. Hayo ndiyo tunayoyaita maji mafu.

Huhitaji chombo chochote kujua. Tazama kalenda ya Kiislamu: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Kwa mama mwenye magoti mabovu, siku za maji mafu ndizo bora, kwa sababu maji hayamkimbii. Mnafika asubuhi kabla jua halijawa kali, maji yapo karibu na mchanga mkavu, na watoto wanacheza pale anapowaona. Kwa watoto, siku moja ya bamvua pia ina faida yake, kwa kuwa maji yakikupwa wataona mambo ambayo hawatayaona bara: kaa, chaza, viti vya pweza (wanyama wadogo wenye umbo la nyota) vya rangi mbalimbali, na kina mama wakitafuta pweza miambani. Wavisheni viatu vya kufunga, kwa sababu kwenye matumbawe kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia mguuni, na wafundisheni kuburuta miguu mchangani ili samaki aitwaye taa, anayejificha chini ya mchanga, aondoke kabla hajakanyagwa.

Katika jambo moja ninaomba usilegee hata kidogo. Maji yanapoanza kujaa siku ya bamvua, hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Hupitia kwanza kwenye mikondo na mabonde, yakamzunguka mtu aliyesimama kwenye fungu la mchanga, na anapogeuka hukuta maji marefu kati yake na nchi kavu. Kwa hiyo mkienda kutazama miamba, anzeni kurudi mapema, maji yakiwa bado yanashuka.

Kijana wa Kigamboni

Ninaunga mkono maelezo ya maji, na kwa siku ya kuogelea ninapendekeza Mjimwema, Kigamboni. Mkitoka Kimara mnapanda basi la mwendokasi hadi Kivukoni bila kubadilisha, mnavuka kwa pantoni, kisha mnachukua bajaji. Watoto watafurahia pantoni kama watakavyofurahia bahari yenyewe. Shida ni kwa mama: saa za asubuhi na jioni msongamano wa abiria huwa mkubwa na watu huvuka kwa haraka, kwa hiyo vukeni kati ya saa nne na saa sita. Ukiamua kutumia ile siku moja ya teksi, itumie hapa, mpite Daraja la Nyerere kutokea Kurasini, ambalo tangu lifunguliwe mwaka 2016 limewaondolea wenye magari lazima ya kusubiri pantoni.

Ufukwe wa huku una mchanga mweupe, na migahawa mingi iliyo kando yake ina viti, vivuli, vyoo na maji baridi ya kuoga. Mingine hutoza kiingilio, mingine hukata fedha hiyo kwenye chakula. Ulizeni kabla ya kuketi. Mkiendelea kusini, kuelekea Gezaulole na Kimbiji, fukwe ni tulivu zaidi na kasa hutaga mayai huko, lakini huduma ni chache na mawimbi ni makubwa, kwa hiyo kwa familia yenu ningeishia Mjimwema.

Binti wa Dodoma

Ninawashukuru sana. Suala la tarehe za mwezi limenifungua macho, na nimekwisha kulinganisha kalenda na siku zetu. Je, kisiwa kimoja kinawezekana kwa mama, au nikiache kwa safari nyingine?

Mkaazi wa Msasani

Kinawezekana kwa masharti. Boti za Bongoyo huondokea Msasani, na za Mbudya huondokea upande wa Kunduchi, na zote mbili ni safari fupi isiyofika saa moja. Ugumu hauko njiani bali kwenye kupanda na kushuka, kwa kuwa kisiwani hakuna gati la kumfaa mzee. Boti husogea kwenye mchanga na abiria hushuka ndani ya maji yanayoweza kufika magotini au zaidi. Mwambie nahodha mapema kwamba una mzee, umwombe msaidizi na ngazi, na kama hana jibu la kuridhisha tafuta boti nyingine. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea kabla boti haijaondoka, na hakikisheni kuna yanayowatosha watoto, kwa maana jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani.

Kati ya viwili hivyo mimi ningechagua Mbudya. Ufukwe wake mkuu uko upande wa magharibi, umetazama bara, hivyo kisiwa chenyewe huukinga na mawimbi, na kuna vibanda vya makuti vya kukodi ambamo mama anaweza kukaa kutwa huku samaki wakikaangwa. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha. Visiwa vyote viwili vimehifadhiwa tangu mwaka 1975 na viko chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kwa hiyo kuna ada ya kuingia, na hairuhusiwi kuondoka na makombe wala vipande vya matumbawe. Waelezeni watoto kabla, maana hilo ndilo jambo la kwanza watakalotaka kufanya. Rudini kabla ya alasiri kuingia sana, kwa sababu upepo huongezeka na bahari huchafuka.

Mwanapwani wa Kunduchi

Bagamoyo ni mji ninaoupenda, lakini msiuhesabu katika siku hizi tatu. Uko umbali wa takriban kilomita 70, ufukwe wake ni tambarare mno na maji yakikupwa huenda mbali, na mara nyingi huwa na rangi ya tope kwa sababu Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini yake. Mtu huenda Bagamoyo kwa ajili ya Mji Mkongwe na magofu ya Kaole, na hayo yanastahili siku yake pekee.

Kwa hiyo ningepanga hivi: Mjimwema siku ya maji mafu, mfike mapema, Mbudya siku nyingine iliyo karibu na hiyo, ili mama asishukie mbali na mchanga, na Coco Beach jioni ya mwisho, bila nguo za kuogelea. Mkitaka kuwaonyesha watoto miamba, basi njooni Kunduchi asubuhi moja ya bamvua badala ya Coco, mkapite pia kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale yaliyo huku. Niandikie tarehe mtakazokuwapo nikuhesabie saa za maji za kila siku.