Naomba ushauri: niwaelezeje wanafunzi kwa nini moyo haukazi mfululizo bila kulegea?

Mwalimu wa Kongwa: Ndugu zangu, ninafundisha Baiolojia kidato cha sita huku Kongwa. Tulipojifunza kwamba vichocheo vinavyofuatana upesi huufanya msuli wa paja ukaze bila kulegea, mwanafunzi aliuliza kwa nini moyo, ambao nao ni msuli na huchochewa usiku na mchana, haupatwi na hali hiyo. Nianzie wapi?

Mwanafunzi wa udaktari, Dodoma mjini: Shikamoo, Mwalimu. Ningeshauri uanze na muda kabla ya kutaja ioni yoyote (chembe zenye chaji, kama za kalsiamu na sodiamu). Katika msuli wa mifupa, umeme wa seli hupita kwa milisekunde chache tu, ilhali mkazo wenyewe unaweza kufika milisekunde 100. Kwa hiyo kichocheo cha pili huikuta seli iko tayari huku mkazo wa kwanza haujaisha, na mikazo hujumlishana. Katika ventrikali, yaani vyumba vya moyo vinavyosukuma damu nje, umeme hudumu milisekunde 200 hadi 300, karibu sawa na mkazo, na kwa sehemu kubwa ya muda huo seli haiitikii kichocheo kingine hata kiwe na nguvu kiasi gani. Inapokuwa tayari kuitikia, msuli umeshaanza kulegea. Chora ubaoni mstari wa umeme na wa mkazo juu ya mhimili mmoja wa muda, kwa misuli yote miwili.

Sababu ifuate baadaye: kalsiamu inayoingia polepole huchelewesha chaji ya utando wa seli kushuka, na milango ya sodiamu iliyokwisha kujifunga haiwezi kufunguka tena mpaka potasiamu itoke na chaji irudi chini. Mwanafiziolojia Mfaransa Étienne-Jules Marey aliieleza tabia hii kwa moyo wa chura mwaka 1876.

Muuguzi, Mpwapwa: Usiwaache bila kujua faida yake. Moyo ukipiga mara 75 kwa dakika, kila pigo huchukua sekunde 0.8, na kwa zaidi ya nusu ya muda huo ventrikali zimelegea zikijaa damu. Ukuta wa ventrikali ya kushoto nao hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati huohuo.

Mwalimu wa Kongwa: Marahaba, na ahsanteni sana. Je, kwa kuwa pepopunda nayo hukaza misuli bila kulegea, naweza kusema kwamba haigusi moyo?

Muuguzi, Mpwapwa: Hapana, Mwalimu. Sumu yake huondoa kizuizi cha neva kwenye uti wa mgongo, na misuli ya mifupa hukakamaa; moyo haukakamai, kwa kuwa hujianzishia mapigo wenyewe na una kile kipindi cha kutoitikia kichocheo kingine. Lakini ugonjwa ukiwa mkali huvuruga pia neva zisizotawaliwa na hiari, na mapigo na shinikizo la damu huweza kupanda au kushuka ghafla.