Jarida la kujitolea la viwanda vya Tanga: tusifu vipi bila kugeuka tangazo?

Mwanzisha mada (Tanga)

Habari za leo, wanajukwaa. Sisi ni watu watano tunaotoa jarida dogo kila baada ya miezi mitatu kuhusu viwanda na karakana za mkoa wa Tanga. Hakuna anayelipwa: mmoja wetu ni mwalimu, mwingine ni fundi wa kuchomelea, na kurasa tunazipanga usiku baada ya kazi. Wasafiri wengi hupita mkoani kwetu kwa basi wakiona mashamba ya mkonge tu dirishani, nasi tulitaka wajue kwamba hapa vitu vinatengenezwa: saruji ya Pongwe, chokaa ya Amboni, maziwa ya kusindika, kamba na mazulia ya katani, pamoja na mageti na mashine za kukoboa zinazoundwa kwenye karakana za mitaani.

Katika toleo la pili tuliandika kuhusu kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, tukachapa idadi ya tani kwa siku kama tulivyopewa ofisini. Wiki hiyo hiyo mfanyakazi wa pale alitufuata akatueleza kwamba hiyo ni kazi ambayo mashine zote tatu zingeifanya kama zingekuwa nzima, ilhali mbili zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri. Hatukupenda kuwa tumewadanganya wasomaji wetu. Tangu siku hiyo tumegawanyika: wengine wanasema jarida la kusherehekea viwanda lisiandike upungufu, wengine wanasema sifa isiyopimwa haina faida kwa yeyote. Ninyi mna maoni gani?

Jibu la 1 (Muheza, fundi mstaafu wa korona)

Wanangu, hongereni kwa kazi hiyo. Nimefanya kazi kwenye korona, yaani kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, kwa miaka mingi, na ninachoweza kuwashauri ni kwamba muanzie penye mashine, ofisini mtakwenda baadaye. Mgeni akifika korona huona jani likiingia upande mmoja na singa, yaani nyuzi za mkonge, zikitokea upande wa pili, akadhani ameona yote. Hajaona kwamba jani lililokatwa leo likichelewa kusagwa hukauka na singa zake hazisafishiki vizuri. Hajaona kwamba katika uzito wa jani zima singa ni takriban asilimia 4 tu na mengine yote ni maji na makapi, kwa hiyo visu vya ngoma inayozunguka kusaga jani vikikaribiana mno na kitako chake, yaani bamba ambalo jani hukandamizwa juu yake, vinakata singa, na vikiachana mno nyama ya jani inabaki imeng'ang'ania. Nafasi hiyo fundi huirekebisha kidogo kidogo huku akitazama kinachotoka, na akiipatia hata mlio wa ngoma hubadilika.

Baada ya hapo singa zinaanikwa juani, zinapigwa brashi na kupangwa kwa madaraja. Singa ya daraja la 3L lazima ifike sentimita 90, ikipungua inashushwa. Mwisho inafungwa robota, yaani mzigo uliobanwa, la kilo 250. Mkiandika kwa namna hiyo hamtahitaji kusema kwamba wafanyakazi ni hodari, kwa sababu msomaji atauona uhodari wao mwenyewe.

Jibu la 2 (Morogoro)

Shikamoo mzee, umesema kweli. Mimi naongezea suala la takwimu, kwa sababu hapa kwetu tulipata somo lililotugharimu sana. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kikiwa na matarajio ya kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikuwahi kuvuka takriban asilimia 5 ya uwezo huo, na mwaka 1990 kilifungwa. Kwa hiyo, ndugu mwanzisha mada, kila mkipewa idadi ulizeni mambo matatu: ni uwezo wa mashine au ni mzigo uliotoka getini, ni wa kipindi gani, na nani aliyeuhesabu. Kisha chapeni idadi zote mbili, uwezo na uzalishaji halisi. Kiwanda kinachotoa theluthi ya uwezo wake kwa sababu ya vipuri, huku mafundi wake wakichonga gia wenyewe ili mashine moja isisimame, kinastahili kusherehekewa kuliko kile kinachojivunia makaratasi.

Jibu la 3 (Nairobi)

Nawaomba msiwasahau wadogo. Huku kwetu, ukiingia Kamukunji, eneo la mafundi wa bati, unasikia nyundo kabla hujaona mtu. Fundi huchukua pipa tupu la mafuta, akalipasua kwa patasi, akalinyoosha juu ya kipande cha reli, na kabla ya jioni limekuwa karai, jiko au sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni. Kazi hiyo ya jua kali huonekana mara chache sana katika majarida ya biashara, kwa kuwa fundi hana ofisi ya uhusiano wala pesa za tangazo. Jarida la kujitolea ndilo linaloweza kumpa ukurasa mzima. Kuhusu matangazo, pokeeni kama yanasaidia gharama za uchapaji, lakini yaandikwe wazi kwamba yamelipiwa, na mwenye tangazo asisome makala kabla ya kuchapwa.

Jibu la 4 (Dar es Salaam)

Kwa ufupi tu: Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka machapisho ya namna hii yawe na leseni, hivyo fikeni Idara ya Habari MAELEZO kabla ya toleo lijalo. Pia pelekeni nakala maktaba ya mkoa. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, lakini ukitafuta leo maelezo ya watu waliosimama kwenye mashine hizo, yaliyoandikwa na wao wenyewe, utahangaika sana.

Mwanzisha mada (Tanga)

Nawashukuru nyote, na mzee wa Muheza shikamoo. Tumekutana jana usiku na tumekubaliana. Toleo lijalo litafungua kwa masahihisho ya zile tani, yakiwa ukurasa wa kwanza na kwa herufi za ukubwa uleule wa makala iliyokosea, na kila idadi itakayofuata itaonyesha imetoka kwa nani na ni ya lini. Makala kuu itafuata jani moja la mkonge kutoka shambani hadi kwenye robota, na mwenzetu fundi wa kuchomelea ameomba aiandike yeye. Mzee, kama afya inaruhusu, tungependa kuja Muheza Jumamosi utuonyeshe jinsi ile nafasi ya visu inavyorekebishwa. Tutakuja na daftari na kamera, na rasimu tutakuletea uisome kabla haijachapwa.