Homa ya ini B: kaka kapona bila dawa, mimi imekuwa sugu. Naomba ushauri

Wakuu, habari za Mbagala? Kaka yangu vipimo vinaonyesha aliwahi kuambukizwa, mwili ukavifukuza virusi wenyewe. Mimi miezi 6 imepita na HBsAg (kipimo cha damu kinachoonyesha virusi bado vipo) bado inasoma chanya. Baba mmoja, mama mmoja!

Daktari kasema kikubwa ni umri wa kuambukizwa: watoto wachanga takriban 90% hubaki nayo, watu wazima wengi hupona. Kisha vinasaba vya HLA, vinavyosaidia kinga kuvitambua virusi, ndugu hawarithi sawasawa. Nyumbani wao wanasema nina damu dhaifu, wananisukumia chupa ya mizizi. Ini lenyewe ndilo hili hili lenye virusi, naogopa hiyo mizizi isije ikaliumiza zaidi.

Aliyepima wingi wa virusi hapa Dar, alilipa kiasi gani? Na mke wangu akipima akiwa salama, chanjo aanze siku hiyo hiyo?