Bima kubwa imegoma kulipa, kisa nilikuwa na abiria

Wakuu, naombeni msaada. Naendesha gari la bosi, IST, hesabu (pesa yake) kila Jumapili. Juzi pale mataa ya Morocco, Dar, niliigonga Noah ya mtu kwa nyuma, nikiwa na abiria niliyempata kwenye programu ya usafiri. Taa ya kushoto imepasuka, bampa linaning'inia, boneti limekunjika kama chapati. Sikuogopa, maana bosi ana bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe. Leo wakala kaniuliza kama abiria alikuwa analipa. Nikasema ndiyo (mdomo wangu huu!). Akanionyesha karatasi: "matumizi binafsi". Gari letu hawatengenezi. Hii ni haki kweli?

Jibu la 1
Pole mkuu. Namba ni njano (binafsi) au nyeupe (biashara)? Ukubwa wa bima hausaidii kama matumizi hayakutajwa. Binafsi ni kwenda kazini na kanisani. Ukichukua nauli, ni biashara, na bima yake ni ghali zaidi. Bosi wako alibana hapo.

Jibu la 2
Usikubali maneno ya mdomo. Dai barua ya kukataliwa, soma wametaja kifungu gani. Ukiona umeonewa, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na huyo wa Noah asisahauliwe, hata bima ndogo ipo kwa ajili ya watu kama yeye. Bampa lako ndilo haligusi.

Muuliza swali
Njano. Barua nitaifuata kesho asubuhi. Bosi hapokei simu, ila ujumbe wa kukumbushia hesabu ameutuma.