Eko inasema milimita 42, CT-Scan inasema 45: mshipa umekua au umepimwa tofauti?

MwalimuWaNewala

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na rika langu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Newala, nina miaka 31, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka 7. Kaka yangu, tuliyenyonya naye ziwa moja, alifariki mwaka juzi akiwa na miaka 34. Alishikwa na maumivu makali ya kifua yaliyohamia mgongoni wakati msimu wa korosho umepamba moto, nasi tukadhani ni uchovu wa kubeba magunia. Daktari aliyempokea alitueleza kwamba aota, yaani mshipa mkuu wa damu utokao kwenye moyo, ilikuwa imechanika kwa ndani. Alipoona urefu wake na vidole vyake vyembamba, alitushauri ndugu wote tukapimwe Marfan, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha tishu zinazoshikilia mwili, ikiwemo kuta za mishipa.

Katika familia, mimi ndiye niliyechukua umbo lile la marehemu. Daktari wa macho alikuta lenzi ya jicho langu la kushoto imehama mahali pake, na eko ya moyo (kipimo cha mawimbi ya sauti) niliyofanyiwa mwezi Januari ilionyesha mzizi wa aota una upana wa milimita 42. Mwezi Oktoba nilifanyiwa CT-Scan, picha ya eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, katika hospitali nyingine, na ripoti yake ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu jambo hili: aota inayopanda, milimita 45. Daktari mmoja ameniambia mshipa umeongezeka milimita 3 ndani ya miezi tisa, hivyo nijiandae kwa upasuaji. Mwingine ameniambia nisihangaike, niendelee na vidonge vya losartani, dawa ya kushusha shinikizo la damu. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga mtoto wa pili. Ninaomba mwenye ujuzi anisaidie kuelewa ni namba ipi niiamini.

KoroshoGhafi

Pole sana, dada. Ushauri wangu ni mfupi: kwa historia ya marehemu kaka yako, usikae Newala ukibishana na makaratasi. Omba rufaa uonane na madaktari bingwa wa moyo.

PichaZaNdani (Lindi)

Mwalimu, pole kwa msiba. Mimi ni mtaalamu wa picha za tiba, si daktari wa moyo, kwa hiyo nitabaki kwenye picha na uamuzi wa tiba nitawaachia wenyewe.

Kwanza nieleze kwa nini milimita hizo tatu zina uzito kwako kuliko kwa mtu mwingine. Mwenye Marfan kwa kawaida hupendekezewa upasuaji mzizi wa aota unapofika milimita 50, lakini akiwa na ndugu wa damu ambaye aota yake ilichanika, madaktari huanza kulizungumzia jambo hilo kwenye 45. Vilevile, ongezeko la milimita 3 au zaidi kwa mwaka, likithibitishwa, huhesabiwa kuwa ni kasi ya hatari. Daktari wako wa kwanza hakukutisha bure. Tatizo ni kwamba amelinganisha vitu viwili ambavyo huenda havilinganishiki.

Angalia maneno yenyewe ya ripoti zako. Eko imetaja mzizi, na CT-Scan imetaja aota inayopanda. Mzizi ni pale chini kabisa, palipovimba kidogo juu ya vali, na katika Marfan hapo ndipo panapotanuka zaidi. Aota inayopanda ni sehemu iliyo juu ya hapo. Ripoti isiyosema imepima usawa gani haiwezi kumwambia mtu kwamba mshipa umekua.

Halafu kuna suala la kukata kwa mshazari. Chukua muhogo uukate kwa kisu kilicholala upande: kipande kitatoka kirefu kama yai, ilhali muhogo ni uleule. Aota haikusimama wima kifuani. Inapanda, inapinda na kushuka, kwa hiyo anayepima kwenye kipande cha kawaida cha CT-Scan bila kuigeuza picha ili aukate mshipa kwa pembe mraba, atapata namba kubwa kuliko ukweli. Mzizi nao si duara safi. Una matundu matatu yaliyotuna kama jani lenye ncha tatu, na ukipima kutoka tuno hadi tuno unapata kama milimita 2 zaidi kuliko ukipima kutoka tuno hadi kwenye kiungo kilicho mkabala nalo, yaani pale matuno mengine mawili yanapokutana.

Wengine watakwambia kwamba tofauti inatokana na unene wa ukuta wa mshipa. Ni kweli kwamba kwa mtu mzima eko kwa kawaida huhesabu ukuta wa upande mmoja, ilhali CT-Scan mara nyingi hupima kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Lakini hilo lingeifanya namba ya CT-Scan iwe ndogo kuliko ya eko, na yako ni kubwa. Ndiyo maana mimi nashuku mshazari, au picha iliyopigwa bila kufungamanishwa na mapigo ya moyo. Mzizi wa aota unatikisika kila moyo unapopiga, na picha isiyofuata mapigo hutoa kingo zenye kivuli maradufu, mpaka nyakati nyingine mtu mwenye mshipa mzima anaonekana kana kwamba umechanika.

Nenda hospitali uliyopigwa picha uombe CD yenye picha zenyewe. Usikubali karatasi, wala picha ya filamu iliyopigwa kwa simu. Mwombe mtaalamu wa radiolojia apime upya usawa wa mzizi kwa pembe mraba, akitumia picha za wakati moyo umelegea kama zipo, na aandike amepima kutoka ukingo gani hadi upi.

MzeeWaMsimbati

Mwanangu, mimi naona mnamzungusha binti wa watu. Kila mashine atakayoingia itampa namba yake, na hiyo mionzi nayo si maji ya kunywa. Kwa nini asibaki na eko peke yake?

PichaZaNdani (Lindi)

Shikamoo, mzee. Hoja yako ya mionzi ni ya haki, hasa kwa kijana ambaye atafuatiliwa maisha yake yote. Eko ndiyo itakayorudiwa mara kwa mara, miezi sita baada ya kugunduliwa na kisha kila mwaka hali ikitulia, kwa sababu haina mionzi. Ila eko ina upofu wake. Inauona mzizi vizuri, lakini sehemu kubwa ya aota inayoshuka nyuma ya moyo hadi tumboni haionekani kwa uhakika, nayo pia inaweza kutanuka au kuchanika. Kwa hiyo aota yote inapaswa kupigwa picha walau mara moja mwanzoni.

Hapo ndipo MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, inapofaa. Haitumii mionzi, inaweza kufanyika hata bila kuchomwa dawa ya kung'arisha mishipa, na inaionyesha aota kutoka kwenye vali hadi kwenye nyonga. Ugumu wake ni kwamba inachukua muda, mgonjwa hutakiwa kubana pumzi mara kwa mara, na si kila mwenye chuma mwilini anaruhusiwa kuingia. Katika vituo vikubwa vya utafiti, MRI hutumika pia kuangalia namna damu inavyozunguka na kusugua ukuta wa mshipa, na jinsi ukuta huo ulivyokakamaa. Wanatafuta kumtambua mtu ambaye mshipa wake utachanika kabla haujatanuka sana, maana watu wa namna hiyo wapo. Hata hivyo, kwa leo uamuzi wa kupasua bado unasimama zaidi juu ya upana na historia ya familia.

MkungaMasasi

Mwalimu, naomba nizungumze nawe kama dada. Hata wakithibitisha kwamba ni 42, usiichukue kuwa ruhusa ya kubeba mimba. Wakati wa ujauzito na majuma ya kwanza baada ya kujifungua, aota hubeba mzigo mkubwa, na kwa mwenye ndugu aliyefariki kwa kuchanika mshipa madaktari wengi huwa waangalifu tangu milimita 40. Pia losartani haifai kwa mjamzito kwa sababu humdhuru mtoto tumboni, hivyo usiache uzazi wa mpango kimyakimya huku ukiendelea kuimeza, wala usiache dawa bila daktari kukubadilishia. Mtoto wako wa miaka 7 naye apimwe. Kila mtoto wa mwenye Marfan ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kurithi, na kwa mtoto namba ya milimita peke yake haisemi kitu mpaka ilinganishwe na ukubwa wa mwili wake.

MwalimuWaNewala

Ndugu zangu, narudi baada ya majuma matano. CD niliipata baada ya kwenda na kurudi mara tatu, kwa kuwa kila nilipofika mhudumu aliniambia karatasi inatosha. Nilipewa rufaa, nikapanda basi la alfajiri hadi Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Walipoifungua waligundua kwamba picha haikufuata mapigo ya moyo na kipimo kilichukuliwa kwenye kipande cha mshazari. Walipoigeuza na kupima kwa pembe mraba walipata 43, ila walisema hata hiyo waiandike kwa tahadhari kwa sababu kingo hazikuwa safi. Eko mpya imetoa 42, usawa uleule wa Januari. Nimepangiwa MRI ya aota yote. Suala la mtoto wa pili tumeliweka kando mpaka tukae na daktari wa moyo na wa uzazi kwa pamoja, na mume wangu amekubali, ingawa haikuwa jioni nyepesi nyumbani. Mwanangu atafanyiwa eko wakati wa likizo.

Nina swali moja la mwisho. Eko ya miezi sita ijayo, je, naweza kuifanyia Mtwara ili nisisafiri tena?

PichaZaNdani (Lindi)

Unaweza, mradi daktari wako wa Dar es Salaam akubali na umpelekee mpimaji wa Mtwara ripoti yenye usawa na ukingo uliotumika, ili apime hapohapo na kwa namna ileile. Akipata namba iliyoruka, asiiandike kuwa ni ongezeko kabla picha zote mbili hazijafunguliwa upande kwa upande na kupimwa na mtu mmoja. Na maumivu ya ghafla ya kifua au mgongo yakitokea, usingoje tarehe ya kipimo. Nenda hospitali saa hiyohiyo na uwaambie neno Marfan ukiwa bado mlangoni.