Kundi la marafiki linavunjika kwa maneno ya siasa, naomba ushauri

Mwandani
Habari zenu wakuu. Tuna kundi la WhatsApp la watu 23 tuliosoma pamoja. Tangu kampeni zianze, "chawa", "nyumbu", "msaliti" na "kibaraka" ndiyo salamu za asubuhi. Wawili wamejitoa, wengine wamenyamaza, na mchango wa mwenzetu anayeuguliwa na mama yake umekwama kwa kuwa mweka hazina anahesabiwa ni wa "upande ule". Maadmini tuko watatu, nami nimo. Nifunge mada za siasa kabisa? Na niongee na nani kwanza?

Fundi Maneno
Mkuu, usifunge siasa yote, hutaweza kuisimamia. Bei ya mafuta ni siasa au si siasa? Mgomo wa madaktari je? Kila ujumbe utageuka kesi na hakimu ni wewe, ambaye hata kama huna chama watakupa. Wenye moto nao watafungua kundi la pembeni la watu wa mlengo mmoja, wasikokuwa na wa kuwapinga, na huko maneno yatazidi makali.

Dhibiti aina ya neno, mada iache. Linalotaja kitendo ("wameiba kura", "amekula hela ya mradi") livumilie hata likiwa chungu, maana linaulizika: lini, wapi, ushahidi uko wapi? Linalombandika mtu jina, kama msaliti au kibaraka, halina cha kuulizwa. Linasema tu huyu si wetu. Hapo ndipo penye kazi ya kuongea na mtu. Halafu yapo yanayomvua mtu utu au kumtangazia adhabu: "wadudu", "wafyekwe", "warudi kwao". Hayo yanafutwa siku hiyohiyo, hakuna mjadala.

BintiKalamu
Na "chawa" utamweka wapi? Ni mdudu, lakini kuna watu wanajiita wenyewe chawa wa fulani na kutamba.

Fundi Maneno
Tazama kitenzi kinachofuata. "Chawa wa mheshimiwa" ni kejeli kwa anayejipendekeza. "Chawa dawa yao ni kupondwa" limeshavuka mpaka, futa.

Nahodha Mstaafu
Nyongeza kwa Fundi. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, ilizoesha masikio ya watu kusikia Watutsi wakiitwa mende, na mauaji ya 1994 yalipoanza iliendelea kuyachochea. Ndiyo maana maneno ya aina ile hayasubiri kikao. Ila angalizo: usimwambie rafiki aliyeandika "nyumbu" kwamba anaongea kama RTLM. Hilo nalo ni jina la kubandikwa, tena zito kuliko lake, na mazungumzo yanafia hapo.

Kipimajoto
Mmesahau hadhira. Utafiti wa William Brady na wenzake uliochapishwa 2017 ulichambua jumbe za Twitter kuhusu mada zenye mabishano, wakakuta kila neno la kimaadili lenye hisia kali likiongezwa, kusambaa kwa ujumbe kunapanda kwa takribani 20%, na zaidi miongoni mwa watu wa mlengo uleule. Kwa hiyo anayeandika "msaliti" mara nyingi anawaandikia wanaompigia makofi, wala si huyo anayetukanwa. Mtoe kwenye makofi kwanza.

Piga simu. Ujumbe wa sauti usitume, utasambazwa. Anza na wa upande wako mwenyewe. Ukianza na wa upande wa pili, habari itakuwa imefika kabla hujakata simu, na utaitwa mpelelezi. Taja neno moja la siku moja, usimsomee orodha ya makosa. Kisha uliza: "Ulipomwita kibaraka, alifanya nini hasa kilichokuudhi?" Nyamaza, hata akichukua muda. Swali hilo linamtoa kwenye jina na kumrudisha kwenye kitendo, na kitendo mnaweza kukijadili. Wengi wanaharibu hapa kwa kumwaga takwimu za kumshinda. David Broockman na Joshua Kalla walionyesha mwaka 2016 kwamba mazungumzo ya ana kwa ana ya dakika 10 hivi, bila kumhukumu mtu, huku akiombwa akumbuke alipowahi kubaguliwa yeye mwenyewe, yalipunguza ubaguzi kwa angalau miezi 3. Yalifanyika mlangoni kwa mtu, si kundini mbele za watu.

Mwandani
Asanteni sana. Nikifuta ujumbe si ndiyo nitawasha moto? Na mchango?

BintiKalamu
Utawasha ukifuta kimyakimya, kwa sababu WhatsApp inaonyesha ni admini gani aliyefuta. Kubalianeni kwanza maadmini wawili, kisha andika mstari mmoja: "Umefutwa kwa sababu ya neno, hoja unaweza kuirudisha bila neno hilo." Ubishi wa hapo uhamishie faragha. Wiki ya kwanza hakikisheni mmefuta za pande zote mbili zinapostahili. Wa upande wenu mkimwachia hata mara moja, kanuni imekufa. Usiku wa matokeo wekeni kundi maadmini pekee waandike hadi asubuhi.

Mchango uhamishe leo, usingoje amani. Fungua kundi jingine la taarifa tu, maadmini pekee waandike. Mweka hazina abaki, maana kumwondoa ni kukiri kwamba upande wake ni kosa. Mwongezee mhakiki wa upande wa pili anayeona kila muamala, na kila jioni litoke jina na kiasi kilichoingia.

Nahodha Mstaafu
Wale wawili usiwarudishe kundini bila kuwauliza, hata kama simu inakuruhusu. Wapigie, waeleze kilichobadilika, waalike kwenye la mchango kwanza. Huko hakuna anayeweza kuwajibu vibaya.